Kamba Niliyoifunga Barafu



Leo darsa ni refu. Kama uko kazini, liweke, ulisome baada ya Isha. Kama uko kwenye basi, endelea tu, maana mimi mwenyewe niliyaandika mengi ya haya kichwani nikiwa kwenye basi.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa wilayani kwetu Biharamulo, wa upande wa Runazi, alinitumia ujumbe. Anasema: "Ustaadh, shikamoo. Nimepata kazi ya kubeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Niombee dua, nimeambiwa juu kuna theluji na watu wanalala kwenye mahema. Nipe dua ya kunikinga na baridi."

Nikamjibu marahaba, nikamwombea. Kisha nikakaa na simu mkononi muda mrefu bila kuandika kitu. Wengi wenu hamjui kwamba huyu anayewaandikia alikuwa mgumu. Ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, wagumu. Mwaka 2003 nilikuwa kijana wa miaka 23, sina mke, sina elimu ya dini ya kutajwa, nina mgongo tu. Nilichokifanya kule mlimani usiku mmoja sikuwahi kukisema kwenye mimbari yoyote. Nitakisema leo, na yule ninayemtaja ameniruhusu niseme. Alitoa sharti moja, nisimtaje jina.

Lakini kwanza hiyo theluji.

Wewe ndugu yangu unayeswali, huenda theluji unaitamka kila siku bila kujua. Kuna dua ya kufungulia swala, ile iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake tunamwomba Allah atuoshe makosa yetu kwa maji, kwa thalji na kwa barad. Barad sisi watu wa Kagera tunaijua vizuri, ni ile mvua ya mawe inayotoboa majani ya migomba na kutufanya tukimbize watoto ndani. Lakini thalji? Babu yangu aliitamka maisha yake yote na hakuwahi kuiona. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisimama kama mjinga. Niliishika, nikailamba. Wenzangu wa Kichagga wakacheka hadi wakakaa chini.

Na nikuambie jambo ambalo vitabu havikuambii. Theluji ni laini. Inadanganya. Ukikita kigingi cha hema ndani yake kinaingia bila hata kugonga, vizuri kabisa, unafurahi. Na kinatoka vilevile.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana elimu ya kufunga hema mimi sikuipata mlimani. Niliipata Benaco.

Walio wadogo hamkumbuki. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya muda wa siku moja tu, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Wakakusanyika mahali panapoitwa Benaco, jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara. Kabla ya hapo palikuwa kichaka na bwawa. Baada ya wiki chache pakawa mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa wetu, mji wa nyasi, fito na maturubai ya bluu. Mimi nilikuwa na miaka 14. Mjomba wangu alikuwa na biashara ndogo ya chumvi na sabuni, akanichukua kutoka Nyakahura niwe namsaidia kubeba.

Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha. Upepo ukija kutoka kilimani unasikia maturubai yote yanapiga makofi, halafu unasikia kilio cha watoto, kwa sababu kuna familia fulani turubai limeondoka. Limeruka. Na turubai likiruka usiku Benaco, hulipati tena.

Palikuwa na mzee mmoja Mnyarwanda, Muislamu, aliyekuwa karibu na mahali tulipoweka biashara yetu. Kijumba chake hakikuondoka hata mara moja. Siku moja nikamuuliza: mzee wangu, kwa nini la kwako halitoki? Akanishika mkono akanionyesha. Watu wengi walikuwa wanatoboa turubai pembeni wapitishe kamba. Upepo ukivuta, tundu linachanika, mwisho unabaki na kamba mkononi na turubai liko Rwanda. Yeye hakutoboa. Alichukua kijiwe laini kama yai la kuku, akakiweka kwenye pembe ya turubai kwa ndani, akakifungia humo kama unavyofunga sarafu kwenye pindo la kanga, kisha kamba akaifunga shingoni, nyuma ya kile kijiwe. Upepo ukivuta, kijiwe kinakaza. Upande wa pili wa ile kamba hakuufunga kwenye kijiti kilichosimama. Alichimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, akalaza kipande cha mti ndani yake, kimelala ubavu, kamba imezunguka katikati, akafukia, akakanyaga. Akaniambia: kijiti kilichosimama kinang'oka kwa sababu kinafuata njia kiliyoingilia. Kilicholala hakina njia ya kutokea.

Akachimba na mfereji kuzunguka, maji yapite. Na ule upande mwembamba wa kijumba akauelekeza upepo unakotoka, mlango ukaangalia kwingine.

Nikajifunza. Niliwafungia watu kadhaa pale, nikapewa hadi sabuni. Kwa hiyo usije ukasema huko mbele kwamba ustaadh alikuwa hajui. Alijua tangu ana miaka 14.

Basi. Mwaka 2003, mwishoni mwa Machi, nilikuwa kwenye msafara wa njia ya Machame. Machi mvua za masika zinaanza, na mvua ya bondeni huko juu ni theluji. Siku ya nne tukafika kambi ya mwisho kabla ya kilele. Kambi hiyo inaitwa Barafu, na jina lake halikukosewa. Iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari. Ni mgongo wa mawe matupu, upepo unapita kushoto na kulia, hakuna mti, hakuna kichaka, hata maji hakuna, tunayabeba kutoka Karanga. Wageni hulala saa chache, saa sita usiku wanaamka kwenda Uhuru, mita 5,895. Wagumu tunabaki kuwasubiri.

Tulifika alasiri, theluji inaanguka nyembamba, ya pembeni, ile inayoingia masikioni. Mahema ya wageni yalifungwa kwanza, kama kawaida, tena na watu watatu watatu. Likabaki hema letu. Tulikuwa saba tutakaolala humo. Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja Mchagga wa Kibosho, Mkristo Mkatoliki, ambaye sote tulimwita Babu ingawa hakuwa mzee sana, nadhani miaka 50. Babu akanigawia kazi: wewe funga upande wa juu, ule wa upepo.

Ndugu yangu, naomba uelewe hali yangu, si kwa kujitetea, ila upate picha. Kichwa kinauma kama kinapasuliwa kuni. Vidole havijikunji. Nina kamba mbili za kufunga. Pale Barafu kigingi hakiingii ardhini, ni mwamba. Kilichotakiwa ni hiki: tafuta jiwe la ukubwa wa kichwa, zungushia kamba, uliweke chini, kisha lete jiwe kubwa zaidi uliegemeze juu yake na mbele yake, kwa upande wa hema, ili dogo likivutwa ligote kwenye kubwa. Na pale theluji iliporundikana, ufanye ya Benaco: jaza mawe kwenye kifuko, zungushia kamba, ukilaze shimoni, fukia, kanyaga kwa buti, halafu uache. Usikaze kamba mara moja. Theluji iliyokanyagwa ukiiacha kama nusu saa inashikana, inakuwa kama sementi, hadi asubuhi unahitaji sururu kukitoa. Hiyo nusu saa ndiyo inayokutoa roho.

Mimi sikutafuta mawe. Mawe yalikuwa yamefunikwa, kuyachokonoa kwa mikono ile ni mateso. Kamba ya kwanza niliifunga vizuri. Ya pili, nikachukua pegi ya chuma, ya urefu wa shibiri, nikaisukuma ndani ya rundo la theluji laini lililojikusanya kando ya jabali. Ikaingia kama kisu kwenye siagi. Nikakaza kamba, ikasimama, inapendeza. Juu yake nikapiga teke theluji ikafunika. Na nilisema nini? Nilisema: Bismillah, tawakkaltu 'ala Allah.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mnaijua ile hadithi iliyo kwa Tirmidhi, ya bwana aliyemuuliza Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kuhusu ngamia wake, je amfunge na amtegemee Allah, au amwachie na amtegemee Allah. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Tunaihubiri sana hadithi hii. Tunaihubiri kuhusu kufunga milango, kuhusu dawa, kuhusu shule. Lakini ngoja nikuulize. Huyu bwana alikuwa mkweli, aliuliza kabla. Kuna mtu wa tatu hakutajwa pale. Ni yule ambaye hamfungi ngamia, anazungusha kamba shingoni kwa ngamia tu ili wenzake waone kamba. Huyo ametegemea nini? Hakumtegemea Allah, maana angemtegemea Allah asingehitaji kuigiza. Ametegemea giza. Jina la Allah nililitia pale kama mtu anavyopaka chokaa juu ya ufa.

Jioni Babu akazunguka hema. Akaniuliza: "Umefunga, mjukuu?" Nikamjibu: "Tayari, Babu." Akagusa kamba ya kwanza, ile nzuri. Akaridhika. Akaingia.

Saa nane za usiku hivi upepo ukabadilika. Wageni na waongozaji walikuwa wameshaondoka kwenda kileleni. Sisi tumelala kama samaki kwenye tenga. Babu akatoka kwenda haja ndogo, akarudi, nikasikia akijikwaa kwenye kamba nje, akasonya, akaingia. Haikupita robo saa, ule upande wa juu ukanyanyuka. Hema likapiga kofi moja, kitambaa kikajaa upepo kama tanga la jahazi, theluji ikaingia usoni. Tukapiga kelele. Babu ndiye aliyetoka. Hakuwa amevaa glavu. Aliishika ile kamba kwa mikono mitupu akailalia, akatuamuru tulete mawe. Sisi vijana tulikuwa tunatafuta viatu. Natubu kwa Allah, mimi nilikuwa natafuta viatu nikiwa najua ni kamba ya nani.

Alikaa nje na ile kamba iliyolowa muda gani, sijui. Tulipomaliza kufunga mikono yake ilikuwa myeupe kama nta. Asubuhi mkuu wa msafara akauliza ni nani aliyefunga upande ule. Kabla mtu hajajibu, Babu akasema: "Mimi ndiye mkubwa wa hema, niulizeni mimi." Nikainamisha kichwa. Tukashuka siku ileile. Baadaye, bondeni, ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia zilikufa, zikakatwa. Hakupanda tena mlima, maana mgumu asiyeweza kukaza fundo la mzigo haajiriwi.

Mimi nikapanda mara tatu zaidi, halafu nikaacha. Nikaenda kusoma dini. Nikarudi kwetu Biharamulo, nikaoa, nikaanza kuwafundisha watu amana.

Sasa kuna swali huwa mnaniuliza sana hapa: toba inafuta kila kitu? Nimewajibu mara nyingi kwamba iliyo baina yako na Mola wako, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini ya mja mwenzako inamsubiri mja mwenyewe. Mtume alihimiza aliyemdhulumu mwenzake akaombe kuachiliwa leo, kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirham, na malipo ni mema yako mwenyewe. Iko kwa Bukhari. Na hadithi ya muflis mnaijua, mtu anayekuja na swala zake na funga zake zote zikagawiwa kwa aliowadhulumu. Nimeisoma hadithi hiyo mbele za watu pengine mara mia. Kila nikifika kwenye kugawiwa, nilikuwa naona vidole viwili.

Na asinijie mtu kwenye maoni hapa chini akasema: "Lakini ustaadh, huyo si Muislamu." Nimeshaliona neno hilo linakuja. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Allah. Mtume alimuusia hilo Mu'adh alipomtuma Yemen kwa watu wa Kitabu. Soma vizuri alikuwa anatumwa kwa nani.

Miaka 20 ilipita. Nikapanda basi. Kutoka hapa hadi Moshi ni safari, wanaoijua wanaijua: Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Babati, Arusha, mwili wote umekufa ganzi. Nikaulizia Kibosho hadi nikafika. Nikamkuta ameketi chini ya mgomba anachambua kahawa kwenye ungo, kwa mkono wa kushoto. Nikamwamkia shikamoo Babu. Akaitika marahaba, akanitazama, akasema: "Wewe ni yule mtu wa Bukoba." Kwao huko sisi wote wa Kagera ni watu wa Bukoba. Sikumsahihisha.

Nikampa nilichobeba, tukanywa chai. Nikamwambia: Babu, ile kamba ya Barafu. Akacheka, akasema: "Ile kamba niliing'oa mwenyewe. Nilitoka kukojoa nikajikwaa. Mpaka leo mke wangu ananicheka, anasema mkojo umenila vidole."

Ndugu yangu, niliganda. Mimi nilikwenda kuomba msamaha kwa mtu niliyedhani hajui nani alifunga. Nikamkuta mtu ambaye kwa miaka 20 amejibebesha mwenyewe. Kumbe Shetani alikuwa ameniandalia mlango wa kutokea pale pale: si amesema ni yeye? Nyamaza, kunywa chai, ondoka. Ilikuwa rahisi kama kile kigingi.

Nikamwambia. Nikasema: Babu, hukuing'oa. Haikuwa imefungwa kwenye kitu. Niliichomeka kwenye theluji tupu nikaifunika usiione. Ungeikanyaga, usingeikanyaga, ilikuwa inatoka.

Akaacha kuchambua kahawa. Akauliza: "Hata jiwe moja?" Nikasema hata moja. Akakaa kimya. Halafu akamwita mke wake aliyekuwa jikoni, kwa Kichagga kwanza, kisha akageukia Kiswahili ili nami nisikie: "Mama, njoo. Huyu kijana ana jambo. Mwambie kama ulivyoniambia." Nikalisema mara ya pili mbele ya yule mama. Wallahi nimesimama mbele ya watu wengi katika maisha yangu, sijawahi kusimama mahali pagumu kama pale.

Yule mama hakusema neno. Akavua kitambaa chake cha kichwa akajifuta uso, akarudi jikoni. Babu akaniambia: "Nimesikia. Wewe nenda kwenu kwanza." Nikasema naomba unisamehe. Akasema: "Nimesikia." Hivyo tu.

Nikarudi.

Sasa, kijana wangu wa Runazi, uliomba dua ya baridi. Dua nimekupa. Haya mengine yabebe pamoja nayo, na ninyi wengine wenye watoto huko Moshi na Arusha watumieni.

Ukifika kambini, kabla hujafungua hema, kanyaga theluji mahali utakapolala, uikanyage yote mpaka iwe sakafu, uiache ikae. Ukilala juu ya theluji laini, joto la mwili wako linachimba shimo na usiku utakuwa umelala ndani ya bakuli. Usiweke hema kwenye korongo wala chini ya mteremko wenye theluji iliyorundikana. Upande mwembamba uangalie upepo. Kamba ziende mbali na ziwe chini, zisisimame wima. Usiweke mawe juu ya pindo la hema ukadhani umefunga, yanakata kitambaa na yanateleza. Funga mawe kwenye kamba. Kamba za nailoni zikilowa zinalegea, kwa hiyo kabla ya kulala toka nje uzikaze tena zote, hata ile uliyoifunga mwenyewe na una hakika nayo. Hasa hiyo. Theluji ikianguka usiku, piga paa kwa ndani taratibu idondoke, isije ikawalemea. Na matundu ya hewa msizibe kwa ajili ya baridi. Wala msiwashe jiko ndani ya hema. Hapa kwetu tunazika watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga dirisha. Hewa ile haina harufu na haibishi hodi.

Kuhusu udhu, maana najua utauliza. Theluji ni maji, ni tohara, ukiweza kuiyeyusha tawadha. Ukiwa huna namna na unahofia madhara kweli, si uvivu, tayammamu. 'Amr ibn al-'As (radhiyallahu 'anhu) aliamka na janaba usiku wa baridi kali kwenye msafara wa Dhat as-Salasil, akatayammamu akawaswalisha wenzake. Alipoelezwa Mtume alicheka na hakumkemea. Imepokewa na Abu Dawud.

Na ukiwa kule juu, upepo unapiga, mkumbuke Hudhayfa ibn al-Yaman usiku wa Khandaq. Allah alituma upepo kwa majeshi ya Ahzab, ukapindua vyungu vyao, ukazima mioto yao, ukang'oa mahema yao, wakaondoka bila vita. Hudhayfa alitumwa gizani kwenda kuwachungulia, baridi ile ile, na yeye anasimulia kwamba alitembea kama yuko bafuni penye joto. Mimi huwa najiuliza, katika lile jeshi kubwa, hakukuwa na watu waliofunga mahema yao vizuri? Bila shaka walikuwepo. Waarabu wa jangwani hawafundishwi hema. Lakini upepo ule ulikuwa umetumwa. Upepo wa Barafu wa mwaka 2003 siwezi kusema ulitumwa. Ulikuwa upepo wa kawaida wa saa nane usiku na ulikuta kazi mbovu. Tusimsingizie Allah mambo yetu.

Ndani ya Surat An-Naba', aya ya 7, Allah ameitaja milima kuwa vigingi. Niliisoma aya hiyo tangu madrasa. Siku hizi nikifika hapo kwenye swala ninachelewa kidogo, wanaoswali nyuma yangu msikitini mmeshaligundua na mmoja wenu aliniuliza kama nimesahau sura. Sikusahau.

Tangu nirudi kutoka Kibosho, Babu nampigia simu Jumapili, mchana, wakitoka kanisani. Mara ya kwanza alipokea mke wake akaniambia amelala. Mara ya pili vilevile. Ya tatu akapokea mwenyewe. Tunaongea habari za kahawa, bei, mvua, ng'ombe wake mmoja anayeumwa mguu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alinyamaza kidogo akasema andika, ila jina langu toa, na andika kwamba vidole ni viwili, watu wasije wakaongeza.

Ni viwili.

Jumapili iliyopita nimemwambia kuna kijana wa kwetu anakuja huko kuanza kazi. Akauliza kama anajua kufunga hema. Nikasema namfundisha. Akasema: "Mwambie apite hapa kwanza kabla hajapanda." Kijana anaondoka Jumatatu alfajiri. Nimempa glavu za sufi pea mbili, moja yake, nyingine anajua pa kuipeleka.

Neno la msamaha sijalisikia bado, na sijalidai.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.